Mwani wa Faluda, Mwani wa Maabara

Hotuba kwa wanafunzi wa sayansi za maabara na wakulima wa mwani, Unguja

Assalaam alaykum. Wazee wangu shikamooni, vijana hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya mwani katika chakula na sayansi. Mada hiyo ni pana, mtu anaweza kuanza sasa hivi ikaadhiniwa magharibi hajafika katikati, kwa hiyo nimechukua kipande kimoja tu: agari. Mnaokwenda Darajani kununua vitu vya Ramadhani mnaijua kwa jina la chaina grasi, zile nyuzi nyeupe nyepesi za kwenye pakiti, au unga wake. Wanafunzi wa maabara mnaijua kama unga wa rangi ya krimu unaokaa ndani ya kopo, ambalo ukishapima lazima ulifunge haraka kwa sababu unga ule unavuta unyevu. Ni kitu kile kile. Kinachemshwa kutoka kwenye mwani mwekundu, hasa wa jamii mbili ambazo wataalamu wanaziita Gelidium na Gracilaria.

Na niseme mapema, maana nawaona kina mama wa mwani wamekaa mstari wa mbele na swali walilokuja nalo nalijua. Mwani mnaoulima nyinyi, spinosamu na kotoni, hautoi agari. Unatoa karajinani. Vyote viwili vinagandisha, vyote viwili vinatoka kwenye mwani mwekundu, lakini anayetafuta agari ya maabara ukimpa karajinani atakurudishia. Nasikia wapo watu wanaopita vijijini wakisema mwani wa kwenye kamba zenu ndio unaopimiwa magonjwa hospitalini. Si kweli. Mtu anayeingia baharini na bamvua, maji kiunoni, jua utosini, anastahili kuambiwa kweli juu ya kile anachokifunga kwenye kamba. Nitarudi kwenu, mama zangu, nivumilieni kidogo.

Tuanze jikoni, maana agari ilikuwa jikoni kwa karne nyingi kabla haijaingia maabara.

Anayejua kupika faluda huziloweka nyuzi zake kwenye maji baridi mpaka zilainike, kisha huzitia motoni na kukoroga mpaka asione hata uzi mmoja. Hapo ndipo wapishi wachanga wanapojikwaa. Wanaona maji yamepata moto, mvuke unapanda, wanadhani imetosha. Agari haiyeyuki mpaka maji yakaribie kuchemka, nyuzi joto 85 na kwenda juu. Ukiiepua kabla ya hapo, faluda itatoka na punje punje chini na maziwa ya majimaji juu. Na hayo maziwa, yaliyokwisha kuchemshwa na sukari, iliki na zafarani, lazima yawe ya moto wakati wa kuchanganya. Ukimimina agari ya moto kwenye maziwa yaliyotoka kwenye friji, inaganda pale pale inapokutana na ubaridi, ukabaki na mabonge ambayo hakuna mwiko utakaoyavunja.

Ikishachanganyika vizuri unaimimina kwenye trei na kuiacha mezani. Friji si lazima. Ikipoa hadi nyuzi joto kati ya 32 na 40 itaganda yenyewe. Na ikishaganda haiyeyuki kwa joto la chumba wala kwa joto la barazani mchana wa Februari. Ukitaka iyeyuke, irudishe motoni mpaka ifike tena kule kwenye 85.

Hilo ndilo ninalotaka mlishike. Barafu na maji vina nyuzi joto moja tu: pale pale maji yanapogandia ndipo barafu inapoyeyukia. Agari inayeyuka kwenye 85 na inaganda chini ya 40. Katikati kuna pengo kubwa, na karibu kila nitakalolisema leo linatoka ndani ya pengo hilo.

Sasa mlinganishe na jelatini, ile ya jeli za watoto. Jelatini inatokana na ngozi na mifupa ya wanyama, ng'ombe au nguruwe, ndiyo maana wengi wetu dukani tunageuza pakiti na kusoma maandishi madogo ya nyuma. Inayeyuka mdomoni, na utamu wake ni huo. Lakini kwa joto letu umeme ukikatika inayeyuka na kwenye bakuli. Halafu ina udhaifu mwingine ambao wapishi wa vitindamlo wanaujua kwa uchungu: tia nanasi bichi au papai bichi ndani ya jelatini, haitaganda hata ukiiweka friji usiku kucha. Papai lile lile mnalopaka nyama ya mishkaki ili ilainike lina kimeng'enya kinachokatakata protini, na jelatini ni protini. Agari si protini. Ni mnyororo mrefu wa sukari, galaktosi baada ya galaktosi. Papai na nanasi haviiwezi. Ndimu na ukwaju ni habari nyingine: ukichemsha agari pamoja na uchachu mkali unaivunja nguvu, kwa hiyo juisi ya namna hiyo itiwe mwishoni, baada ya kuepua.

Lishikeni na hilo la papai. Tutalikuta Berlin.

Wajapani ndio waliotangulia kuigeuza agari kuwa bidhaa kavu ya kuuzwa. Wao walikuwa na chakula kiitwacho tokoroten: mwani wa Gelidium unachemshwa, mchuzi unaachwa ugande, unakatwa nyuzi ndefu na kuliwa kwa siki au kwa kitu kitamu. Masimulizi yao yanasema katikati ya karne ya 17, huko Fushimi karibu na Kyoto, mwenye nyumba ya wageni aitwaye Tarozaemon alitupa nje mabaki ya tokoroten wakati wa baridi kali. Usiku yakaganda barafu, mchana yakayeyuka na maji yakachuruzika, usiku yakaganda tena. Baada ya siku kadhaa akakuta makapi makavu, mepesi, meupe. Akayachemsha upya na yakaganda, tena safi kuliko mwanzo, bila ile harufu ya pwani. Sitaapa kwamba Tarozaemon ndiye, hadithi za namna hii hupenda kumtafuta mtu mmoja wa kumvisha kilemba. Lakini njia yenyewe ni sahihi na inatumika mpaka leo. Barafu inapoyeyuka, maji yanatoka pamoja na chumvi na rangi na uchafu mwingi unaoyeyuka majini, agari inabaki. Viwanda vingine siku hizi huyakamua maji kwa mashine badala ya kugandisha, ila lengo ni hilo hilo.

Biashara ikaitoa agari Japani na Uchina ikasambaa Asia ya kusini mashariki, na jina hili la agari tumelipata kwa Wamalai. Java nako walipikia. Na ni kwa njia ya Java ilipofika maabara.

Vijana, jiwekeni katika nafasi ya daktari wa mwaka 1880. Unaamini kwamba kila ugonjwa wa kuambukiza una kijidudu chake. Uthibitishe vipi? Lazima umpate kijidudu mmoja peke yake, umkuze, umpe mnyama, umtoe tena. Ukimkuza kwenye mchuzi, wote wanaogelea pamoja na hujui nani ni nani. Unachohitaji ni kitu kigumu. Bakteria mmoja akitua juu ya kitu kigumu hawezi kuogelea aende mbali. Anabaki pale alipotua, anagawanyika wawili, wanne, wanane, na kesho yake unaona kitone kwa macho yako, na wote waliomo ndani ya kitone kile ni uzao wa mmoja. Sisi tunaita koloni, na bila koloni hakuna elimu ya bakteria.

Robert Koch, daktari Mjerumani mwenye maabara yake Berlin, alijaribu kwanza vipande vya kiazi mviringo kilichochemshwa. Vikasaidia kidogo. Lakini bakteria wengi wa magonjwa hawakipendi kiazi, na pia hakipitishi mwanga, huwezi kutazama kwa chini. Mwaka 1881 akaonyesha njia ya jelatini iliyochanganywa na mchuzi wa nyama: inang'aa, inapitisha mwanga, koloni zinaonekana vizuri. Wataalamu wa Ulaya wakaipokea kwa shangwe. Kisha matatizo yakaanza, na nyinyi mnayajua tayari kutokana na jeli ya watoto. Bakteria wengi wanaoumiza watu hupenda nyuzi joto 37, joto la mwili, na kwenye 37 jelatini ni supu. Ukiiweka kwenye ubaridi isiyeyuke, wao hawakui. Na hata wale wanaokubali kukua kwenye ubaridi, wengi wana vimeng'enya vya kukata protini, kama papai. Wanakula sakafu waliyosimama juu yake. Asubuhi unakuta shimo la majimaji na koloni zote zimechanganyika.

Mwaka huo huo wa 1881 akaja kwenye maabara ya Koch daktari mmoja Mjerumani, Walther Hesse. Yeye alikuwa akichunguza vijidudu vya hewani, na majira ya joto yakamharibia kazi yake ya jelatini. Mkewe, Fanny Angelina Hesse, ndiye aliyekuwa msaidizi wake. Alizaliwa New York mwaka 1850, katika familia ya Eilshemius, mfanyabiashara wa bidhaa kutoka nje. Fanny alimtayarishia mumewe vifaa na kumchorea picha za koloni kwa ajili ya makala zake, kwa rangi, kazi ya mkono yenye ustadi mkubwa. Malipo hakupata. Nyumbani alipika jeli na vitindamlo ambavyo havikuyeyuka hata katika joto la kiangazi. Kama familia yao ilivyokuja kusimulia baadaye, Walther alimuuliza siri yake, naye akamwambia ni agari. Alijifunza utotoni Marekani kutoka kwa jirani mwenye asili ya Uholanzi aliyewahi kuishi Java, ambako wenyeji walipikia.

Wakaijaribu. Kwenye 37 ikabaki ngumu. Bakteria wakastawi juu yake bila kuila, maana wenye kimeng'enya cha kuivunja agari ni wachache na wengi wao wako baharini, huko huko kwenye mwani. Hesse akampelekea Koch habari. Tarehe 24 Machi 1882 Koch alipotangaza kwamba amemgundua bakteria wa kifua kikuu, maandishi yake yaliitaja agari kama kitu kimojawapo cha kukuzia. Jina la Hesse halimo, si la mume wala la mke.

Nimefundisha kwa muda mrefu, na kila mwanafunzi niliyempata alimjua Koch. Alimjua hata Petri, msaidizi wa Koch, kwa sababu ya ile sahani ya kioo yenye kifuniko aliyoieleza mwaka 1887. Fanny Hesse hawakumjua. Sahani ya Petri isiyo na kitu ndani ni kibakuli tu. Koch mwenyewe alipata kufika kwetu: alikuwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1890 akichunguza malaria na magonjwa mengine, na mwaka 1906 akaenda visiwa vya Ssese, Uganda, kwa ajili ya ugonjwa wa malale, akawadunga wagonjwa dawa ya atoksili ambayo baadhi yao iliwapofusha. Lakini hiyo ni hotuba nyingine, tena ya kukasirisha.

Turudi kwenye sahani. Nataka kina mama waone jinsi inavyotengenezwa, na vijana mnirekebishe nikiteleza, maana mikono yenu bado ina kazi kuliko yangu.

Unga wa agari, gramu 15 hivi kwa lita moja, unachanganywa na chakula cha bakteria na maji. Chupa inaingia kwenye otoklevu, ule mtungi wa mvuke wenye shinikizo, nyuzi joto 121 kwa dakika 15, mpaka kila kilicho hai ndani yake kife. Inatoka bado majimaji. Inawekwa kwenye beseni la maji yanayotunzwa kati ya 45 na 50, na hapo ndipo lile pengo la faluda linapofanya kazi. Kwenye 48 agari bado inamiminika. Unaweza kutia damu ya kondoo bila kuipika. Ukitia mapema, chupa ikiwa kwenye 80, damu inaiva na kugeuka kahawia. Wakati mwingine tunafanya hivyo makusudi, tunaiita agari ya chokoleti kwa sababu ya rangi yake, na hakuna chembe ya chokoleti ndani. Wapo bakteria, kama yule wa kisonono, ambao chembe za damu zikiwa zimepasuliwa kwa joto ndipo wanapopata wanachokitaka. Ukichelewa nako ni balaa: inaganda ndani ya chupa, ukimimina zinatoka bonge bonge. Wazoefu huishika chupa kwa kiganja. Ikishikika bila kukuunguza na bado inacheza ndani, mimina.

Kisha sahani zikishaganda zinageuzwa juu chini. Wageni wa maabara hushangaa kuona hivyo. Sababu yake ni mvuke: matone hujikusanya kwenye kifuniko, na yakidondokea kwenye koloni yanazitawanya zote na kazi ya siku nzima imepotea. Zinaingia inkubeta kwenye 37, na agari, iliyomiminwa kwenye 48, inakaa pale imara siku baada ya siku.

Visiwa hivi vinakijua kipindupindu, kwa hiyo mfano wangu ni huo. Kuna agari ya kijani iitwayo TCBS. Ndani yake mna chumvi za nyongo zinazowazuia bakteria wengi wa tumboni, mna sukari ya kawaida, na mna rangi inayogeuka uchachu ukitokea. Bakteria wa kipindupindu anaistahimili nyongo, anaila sukari, anatoa uchachu, na kesho yake unaona vitone vya manjano vimelala juu ya kijani. Kupima hakuishii hapo, lakini daktari wa zamu akiona manjano ile hakai tena kwenye kiti. TCBS, vijana, haiingii otoklevu, inachemshwa tu. Nimeona ikiharibiwa.

Nyingine ni agari ya Mueller na Hinton, ya kupimia dawa. Unapaka bakteria sahani nzima, unaweka juu yake vidonge vidogo vya karatasi vyenye antibiotiki, na kesho unapima kwa rula duara tupu lililozunguka kila kidonge. Unene wa agari hiyo unatakiwa uwe milimita 4. Fundi akimimina nene kupita kiasi, dawa inazama chini badala ya kusambaa pembeni, duara linakuwa dogo, na jibu linatoka kwamba bakteria ni sugu ilhali si sugu. Mgonjwa anabadilishiwa dawa, anapewa ya bei kubwa, kwa sababu ya milimita moja au mbili za mwani. Duara la namna hiyo ndilo Alexander Fleming aliloliona London mwaka 1928 kando ya ukungu uliovamia sahani yake, na tukapata penisilini. Kwenye mchuzi asingeona kitu.

Ndani ya agari mna sehemu mbili, agarosi na agaropektini. Agarosi ndiyo inayoganda hasa. Mnyororo wake ukipoa unajisokota na mwenzake, misokoto inashikana, na katikati ya nyavu hizo maji yananaswa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Stellan Hjertén, Msweden wa Uppsala, alipata njia ya kuitenga agarosi peke yake. Tangu hapo ikawa uwanja wa kukimbizia vinasaba. Unatengeneza bamba la agarosi lenye vishimo upande mmoja, unatia DNA kwenye vishimo, unapitisha umeme. DNA ina chaji hasi, inakimbilia upande wa chanya, na vipande vidogo vinapenya nyavu haraka kuliko vikubwa. Mwishoni unaona mistari, kila mstari na urefu wake. Kwa kazi ya kila siku ya kutenganisha na kutazama DNA, bamba hilo bado ndilo maabara nyingi zinaloanza nalo.

Wakulima wa bara nao wanaitumia bila kuiona. Migomba ya chupa, ile ambayo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wakulima wa Kenya waliipata kutoka kwenye maabara kama za chuo kikuu cha Jomo Kenyatta, inaanza maisha ikiwa kichipukizi kilichosimama ndani ya agari yenye virutubisho. Kichipukizi kinatoka safi, bila minyoo ya mizizi wala fukusi wa mgomba, kikiwa kimeota kwenye mwani badala ya udongo.

Sasa jambo linalonisumbua. Kitu hiki kinachobeba maabara za dunia nzima kinatoka katika pwani chache mno. Kabla ya vita vya pili vya dunia, Japani ndiyo iliyokuwa ikiuza karibu agari yote. Vita vilipoanza, bidhaa ikakatika, na Uingereza, Marekani, New Zealand na wengine wakatuma watu ufukweni kutafuta mwani wao wenyewe. New Zealand wakaupata unaofaa na kuanza kutengeneza. Baada ya vita Hispania, Ureno na Moroko zikaingia sokoni. Kwa agari ya maabara Gelidium ndio unaopendwa, na Gelidium haujakubali kulimwa kwa faida kama mwani mwingine. Unaota porini, juu ya miamba inayopigwa na mawimbi, unakua polepole. Moroko ikawa mwuzaji mkubwa, watu wakavuna kupita kiasi, na serikali ikaona miamba inabaki mitupu. Ikaweka kikomo cha tani 6,000 za mwani kwa mwaka, na katika hizo 1,200 tu ndizo zilizoruhusiwa kutoka nje zikiwa ghafi. Mwaka 2015 maabara za Ulaya na Marekani zikajikuta zinahesabu makopo, na bei ikapanda sana. Mimi Moroko siwalaumu. Walichelewa, lakini walifunga mlango kabla zizi halijabaki tupu kabisa. Kilichonishangaza ni kwamba wanasayansi wengi ndiyo kwanza siku hiyo walijua unga wao unatoka baharini.

Mama zangu, nimefika kwenu.

Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa akiuchunguza mwani wetu tangu miaka ya 1970. Kilimo cha biashara kikaanza hapa Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Spinosamu inatoa karajinani laini, inayotepeta. Kotoni inatoa karajinani ngumu, na ndiyo yenye bei, na ndiyo inayokufa maji yakipata moto kwenye kina kifupi. Hilo hamhitaji mimi kuwaambia. Dk. Flower Msuya, aliyefanya utafiti katika Taasisi ya Sayansi za Bahari, amekuwa akilifanyia kazi kwa miaka mingi, pamoja na nyavu za mirija za kulimia kwenye maji marefu zaidi ambako joto ni afadhali. Karajinani yenu inakwenda kwenye aiskrimu, kwenye maziwa ya kakao ili unga usizame chini, kwenye soseji, kwenye dawa ya meno. Ni mali kamili. Haihitaji kuazima heshima kutoka hospitali.

Kwa nini basi maabara haiitaki? Pengo lake ni dogo. Karajinani ngumu inayeyuka nyuzi joto kama 10 hadi 20 tu juu ya pale inapogandia. Tena inahitaji potasiamu ili ikaze, na ile laini inahitaji kalisiamu, wakati chakula cha bakteria kina chumvi za kila namna, leo nyingi kesho kidogo. Utakachokimimina leo kitakuwa kigumu, cha kesho kitatikisika. Mnyororo wake umejaa salfeti, wa agarosi hauna ila kidogo sana.

Je, pwani yetu haina kabisa mwani wa agari? Upo. Gracilaria unaota huku kwetu, kwenye maji ya kina kifupi na kando ya mikoko. Kwa tabia ya mwani wa nchi za joto, agari yake ni dhaifu mpaka uuchemshe kwanza kwenye maji ya magadi makali, magadi ya kiwandani, si ya kupikia. Magadi hayo yanaondoa salfeti na kuukaza mnyororo. Indonesia wanaulima kwenye mabwawa, na mara nyingi wanauchanganya humo humo na samaki aina ya mwatiko. Na mabwawa ya mwatiko sisi tunayo, Unguja, Pemba, Tanga na Mtwara.

Maoni yangu ni kwamba jambo hili linafaa kujaribiwa, lakini kwa mpangilio. Lianze na agari ya chakula, maana ya maabara inataka usafi ambao kiwanda kichanga hakitaufikia mapema. Soko la karibu lipo: kila Ramadhani tunapika faluda kwa chaina grasi ya kuagizwa, na hakuna anayeuliza imetoka wapi. Lijaribiwe bwawani, na mtu asipewe ruhusa ya kwenda kuung'oa ule wa porini kwa magunia, tusije tukafanya ya Moroko bila hata kuwa na fedha za Moroko. Na kabla mama yeyote hajapewa mbegu, bei na mnunuzi viwe vimeandikwa kwenye karatasi, karatasi ya Kiswahili. Miaka yote hii ya spinosamu mmeuza kwa bei anayoipanga mwingine, sioni kwa nini mwani mpya uanze kwa mtindo huo huo.

Hapo nyuma, upande wa dirishani, vijana wameweka sahani za agari zilizopakwa vidole vya watu waliojitolea jana, kabla na baada ya kunawa kwa sabuni. Zitazameni, ila msifungue vifuniko, zimezibwa kwa utepe kwa sababu. Kwenye meza ya mlangoni kuna trei za faluda, hizo ruksa. Aliyeipika yupo hapa na amekubali kuulizwa. Nami nipo kwa maswali, na ningependa la kwanza litoke mstari wa mbele.

Asanteni kwa kunisikiliza.